Kufika, Kufikia na Kufikika: Lugha ya Maelezo kwa Wageni Wenye Ulemavu katika Hifadhi za Ardhioevu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna hifadhi za ardhioevu zinavyoelezwa kwa wageni wenye ulemavu. Hoja yetu kuu ni kwamba kauli kama vile "hifadhi hii inafikika" ni hukumu wala si habari, na kwamba udhaifu wake umo katika sarufi yake yenyewe. Tutachanganua istilahi zinazohusika, tuonyeshe anachohitaji kujua mgeni kabla ya kufunga safari, kisha tupendekeze muundo wa maelezo ambao mwanafunzi yeyote wa Kiswahili anaweza kuuandika. Mifano yetu imetolewa katika ardhioevu za Kenya.

1.0 Utangulizi

Ardhioevu ni eneo ambalo maji ndiyo yanayotawala maisha ya mimea na wanyama: maziwa, vinamasi, mabwawa, delta za mito, na fuo zenye mikoko. Mnamo tarehe 2 Februari 1971, mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi maeneo ya aina hii ulitiwa sahihi katika mji wa Ramsar nchini Iran. Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka wa 1990, na Ziwa Nakuru likawa eneo lake la kwanza kuorodheshwa. Baadaye yalifuata maziwa ya Naivasha (1995), Bogoria (2001), Baringo (2002) na Elementaita (2005), kisha Delta ya Mto Tana (2012).

Kwa maumbile yake, ardhioevu ni mahali pagumu kufika. Tope hunasa mguu wa mtu mzima, sembuse gurudumu. Maji hupanda na kushuka. Mbao zilizolowa huteleza. Ndiposa binadamu akabuni njia za mbao, vibanda vya kutazamia ndege na minara. Hata hivyo, kila kinachojengwa hujengwa kwa kumfikiria mtu fulani. Aliyeweka dirisha la kibanda kwenye kimo cha macho ya mtu aliyesimama amekwisha kuamua nani ataona ndege na nani ataona ubao.

Swali la makala haya, hata hivyo, linatangulia ujenzi. Je, mgeni mwenye ulemavu anayetaka kuzuru hifadhi anaambiwa nini kabla ya kuondoka nyumbani? Mtu aliyetumia nauli na siku nzima kufika ufuoni, akakuta vidato vitatu ambavyo hakuambiwa, ana njia mbili tu: kurudi, au kubebwa mabegani mwa watu asiowajua. Njia ya kwanza humpotezea siku. Ya pili humgusa heshima yake. Zote mbili zingeweza kuepukwa kwa sentensi moja iliyoandikwa vizuri.

2.0 Misingi ya Sheria na Mtazamo

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na ya kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Kifungu hicho hicho kinampa haki ya kufikia, kwa kadiri inayofaa, mahali pote, uchukuzi wa umma na habari. Msomaji azingatie kwamba mahali na habari vimewekwa katika aya moja. Si bahati nasibu, kwani mahali pasipoelezwa ni kama pamefungwa. Aidha, Kifungu cha 7 kinaitaka dola kukuza Lugha ya Ishara ya Kenya, Breli na njia nyingine za mawasiliano kwa watu wenye ulemavu.

Kenya iliidhinisha mwaka wa 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka wa 2006. Mkataba huo, katika Kifungu cha 30, unazitaja huduma za utalii waziwazi. Nchini, ilikuwapo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka wa 2003, kabla ya nafasi yake kuchukuliwa na sheria mpya ya mwaka wa 2025. Kwa hivyo, kumkaribisha mgeni mwenye ulemavu hifadhini ni wajibu; si sadaka.

Kuhusu mtazamo, makala haya yanaegemea mwelekeo wa kijamii wa ulemavu, jina ambalo msomi Mwingereza Mike Oliver aliutumia mwaka wa 1983. Mwelekeo huu hutofautisha kasoro ya mwili na kizuizi kinachowekwa na jamii. Mtu asiyetembea ana hali fulani ya mwili. Kinachomzuia kuona heroe ni vidato vilivyo mbele yake.

3.0 Uchanganuzi wa Istilahi

3.1 Kiambishi -vu: kutoka kwa mtu hadi kwa mahali

Maneno "mlemavu" na "ufikivu" yana kiambishi tamati kimoja, -vu, ambacho huunda sifa kutokana na kitenzi: sikia huzaa -sikivu, tulia huzaa -tulivu, lemaa huzaa -lemavu, na fika huzaa -fikivu. Kiambishi hiki hutaja hali iliyotulia ndani ya kitu au mtu. Tunaposema "mlemavu hawezi kuingia kibandani", sifa tumeiweka ndani ya mtu, na kibanda kimeachwa bila lawama. Tunaposema "kibanda hakina ufikivu", sifa ile ile ya -vu imehamia kwenye jengo. Mwelekeo wa kijamii wote unaweza kufupishwa katika kuhama huku kwa kiambishi kimoja.

Hali kadhalika, inafaa kutofautisha "ufikivu" na "ufikiaji". Ufikivu ni sifa ya mahali. Ufikiaji, wenye -ji ya mtendaji na mazoea, ni tendo la mtu. Hifadhi inaweza kuwa na ufikivu mwingi kwenye michoro ya wahandisi huku ufikiaji wa wageni ukiwa haba, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba mlango upo.

Kuhusu maneno kama kipofu, kiziwi na kiwete, mara nyingi husemwa kwamba yanadunisha kwa kuwa yana kiambishi ki- cha ngeli ya vitu. Hoja hii ina uzito lakini haitoshi. Kijana na kiongozi pia wana ki-, wala hatuwaoni wamedunishwa. Na yote haya huchukua upatanisho wa A-WA. Aidha, viziwi wengi hujitambulisha kwa neno hilo kwa fahari, na chama chao nchini Tanzania kinaitwa Chama cha Viziwi. Kinachodunisha zaidi ni matumizi: kumtaja mtu kwa hali yake pale ambapo hali hiyo haihusiki. Katika maelezo ya hifadhi, tunapendekeza kumtaja mgeni kwa kile anachokitumia au anachokihitaji: mgeni anayetumia kiti cha magurudumu, mgeni asiyeona, mgeni anayetumia lugha ya ishara. Maneno haya hayana tafsida tupu. Yanamwambia mwenyeji la kufanya.

3.2 Kauli ya kutendeka na mtendaji aliyepotea

Kitenzi fika hunyambulika kuwa fikia (kutendea), fikiwa (kutendewa), fikisha (kutendesha) na fikika (kutendeka). Kauli ya kutendeka ina tabia inayojulikana kwa kila mwanafunzi wa sarufi: haimtaji mtendaji. Twaweza kusema "mlango ulifunguliwa na Juma", lakini hatusemi "mlango ulifunguka na Juma" kwa maana ya kwamba Juma ndiye aliyeufungua. Kutendeka huonyesha kwamba jambo lawezekana au limetokea, na humficha anayehusika.

Sasa tuitazame sentensi "hifadhi inafikika". Inafikiwa na nani? Sarufi haituruhusu hata kujibu. Twaweza kuongeza njia ("inafikika kwa gari") au namna ("inafikika kwa urahisi"), lakini mtu mwenyewe hana nafasi. Wapo wanaoandika "inafikika kwa wote", wakidhani wameziba pengo. Kwa hakika wamelipanua, kwa sababu mgeni asiyeona na mgeni anayetumia kiti cha magurudumu hawahitaji jambo moja. Wahenga walisema ahadi ni deni, na "kwa wote" ni ahadi kubwa mno kwa neno dogo.

Dawa ni kumrudisha mtendaji katika sentensi na kumpa kitenzi cha kutenda: "Mgeni anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kufika kibandani peke yake" au "atahitaji msaidizi mmoja kwenye mteremko wa kwanza". Sentensi ya namna hii inaweza kupimwa: ni kweli au si kweli. "Inafikika" haipimiki.

4.0 Pa, Ku na Mu: Ngeli ya Mahali kama Kipimo

Kiswahili kina hazina ambayo lugha nyingi hazina: upatanisho wa aina tatu kwa mahali. Pa- huonyesha mahali mahususi, ku- huonyesha eneo lisilo bayana, na mu- huonyesha ndani. Hizi ni aina tatu za swali la ufikivu, na hifadhi inaweza kufaulu katika moja na kushindwa katika nyingine.

4.1 Pa: pahali penyewe

Hapa tunauliza kuhusu lango, maegesho, choo na mlango wa kibanda. Mgeni anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji vipimo. Viwango vinavyotumika kwa wingi duniani hutaka mteremko usiozidi 1 kwa 12, yaani kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za mlalo. Kwa hivyo, kizingiti cha sentimita 30 kinahitaji mteremko wenye urefu wa mita 3.6. Ubao mfupi uliolazwa juu ya ngazi, hata kama umewekwa kwa nia njema, si mteremko bali ni hatari. Mlango nao unahitaji upana wa sentimita 80 hivi ulio wazi, pasipo kuhesabu fremu.

4.2 Ku: njiani

Huku tunauliza kuhusu kinachounganisha lango na kibanda. Pwani ya Kenya inatupa mifano miwili ya kulinganishwa. Huko Gazi, katika Kaunti ya Kwale, kikundi cha akina mama kinaendesha njia ya mbao iliyojengwa juu ya nguzo katikati ya mikoko. Katika Hori ya Mida, karibu na Watamu, ipo njia iliyoning'inizwa juu ya mikoko, inayoelekea kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Kwa macho ya mpita njia zote mbili ni "njia za mbao". Kwa mgeni anayetumia mkongojo tofauti ni kubwa: njia ya nguzo husimama imara, ilhali iliyoning'inizwa huyumba chini ya kila hatua. Neno moja, "njia", halitoshi kuzieleza.

Njia ya mbao ina maswali yake. Je, mbao zimelazwa kukingama na mwendo au kufuata mwendo? Zikifuata mwendo, gurudumu jembamba laweza kuzama katika mwanya. Je, mianya ina upana gani? Viwango vya Marekani hutaka isizidi milimita 13. Je, ukingo wa chini upo wa kuzuia gurudumu lisitumbukie? Viti viwili vikikutana, pana mahali pa kupishana? Mtu anayetumia kiti cha magurudumu huhitaji duara la mita 1.5 hivi ili kugeuka. Njia isiyo na mahali pa kugeukia humlazimisha kurudi kinyumenyume juu ya maji.

4.3 Mu: ndani

Mgeni anaweza kufika kibandani na bado asione kitu. Mle ndani tunauliza kuhusu kimo cha dirisha na nafasi ya magoti. Benchi lililopigiliwa misumari mbele ya kila dirisha humnyima nafasi mgeni aliyekuja na kiti chake mwenyewe. Kuondoa benchi moja na kushusha dirisha moja ni kazi ya siku moja ya seremala.

5.0 Maelezo kwa Masikio, Vidole na Macho

Ufikivu hauishii kwenye magurudumu. Mgeni asiyeona huja kwa ajili ya mahali penyewe, na ardhioevu ina mengi ya kumpa iwapo mwelekezi ana msamiati. Kwenye mikoko, mkoko unaweza kutambuliwa kwa mizizi yake inayojipinda kama magongo, na mchu kwa mizizi midogo inayochomoza topeni kama vidole. Jani la mchu hutoa chumvi. Ukiligusa ulimi utaionja. Tunda la mkomafi ni la mviringo na zito mkononi. Maji yakitoka, topeni husikika mlio wa kamba wadogo wanaopiga gando zao. Katika Ziwa Naivasha, mlio wa furukombe hutangulia kusikika kabla hata wenye macho hawajamwona. Mwelekezi anayesema tu "tazameni pale" hakumtenga mgeni kwa ubaya. Alikosa maneno, na maneno ndiyo taaluma yetu.

Mgeni kiziwi ana hitaji jingine. Hawezi kumtazama mkalimani na ndege kwa wakati mmoja. Mwelekezi anayezungumza huku akionyesha kidole humlazimisha kuchagua kati ya maelezo na kinachoelezwa. Utaratibu ufaao ni kueleza kwanza, kunyamaza, kisha kuonyesha. Aidha, mwelekezi asizungumze akiwa amewapa watu mgongo, kwani wapo wanaosoma midomo. Inafaa kukumbuka pia kwamba ndani ya kibanda, ambako kila mtu huombwa anyamaze ili asiwatishe ndege, wanaotumia lugha ya ishara ndio pekee wanaoweza kuendelea na mazungumzo yao kwa raha.

6.0 Muundo Unaopendekezwa

Kutokana na hayo, tunapendekeza maelezo ya hifadhi yafuate muundo ufuatao. Mapengo yajazwe baada ya kupima kwa utepe, wala si kwa kukisia.

"Langoni: Pana vidato … vyenye kimo cha sentimita … kila kimoja. Pana / hapana mteremko. Urefu wake ni mita …. Choo kilicho karibu kina mlango wenye upana wa sentimita … .

Njiani: Kutoka langoni hadi kibandani ni mita … . Sakafu ni ya mbao / changarawe / udongo. Mahali pembamba zaidi pana upana wa sentimita … . Pa kupumzikia papo kila baada ya mita … . Mvua ikinyesha, njia huteleza / haitelezi.

Ndani: Dirisha la chini kabisa liko sentimita … kutoka sakafuni. Nafasi ya kuweka kiti cha magurudumu imo / haimo.

Waelekezi: Yupo / hayupo mwelekezi anayejua Lugha ya Ishara ya Kenya. Maelezo ya kusikilizwa kwa Kiswahili yapo / hayapo.

Maelezo haya yalihakikishwa tarehe … ."

Mstari wa mwisho ndio unaosahaulika zaidi, na katika ardhioevu ndio wenye uzito mkubwa. Maji hayatulii. Katika muongo wa 2010, maji ya Ziwa Nakuru yalipanda yakafunika barabara za hifadhi na lango kuu la zamani. Maelezo yaliyokuwa sahihi kabla ya hapo yangempeleka mgeni majini. Ufuoni, mabadiliko hayo hutokea kila siku: maji kujaa na kupwa. Pasipo tarehe na saa za maji, vipimo vyote ni nusu ya ukweli.

Izingatiwe pia kwamba majibu ya "hapana", "hayupo" na "haimo" yamewekwa makusudi. Hifadhi isiyo na mteremko si lazima ione haya kusema hivyo. Mgeni aliyeambiwa ukweli atakuja na msaidizi, au atachagua hifadhi nyingine, na uamuzi utakuwa wake. Aliyedanganywa kwa neno "inafikika" ameamuliwa na mwingine.

7.0 Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba hifadhi ni ya viumbe kwanza, na kwamba ujenzi huharibu. Tahadhari hii ni ya haki. Hata hivyo, njia ya mbao iliyojengwa vizuri huwazuia watu kukanyaga mizizi ya mikoko na viota vya ndege. Kinachomfaa mgeni anayetumia kiti cha magurudumu huulinda ufuo pia. Wapo watakaosema fedha hazipo. Kwa mteremko na vibanda, huenda ni kweli. Kwa maelezo, si kweli: utepe wa kupimia, karatasi, na mtu anayejua kuandika Kiswahili sanifu vinatosha kuanza. Wengine watadai kwamba wageni wenye ulemavu ni wachache mno. Hoja hii inazunguka duara, kwa kuwa pasipofikika hapafikiwi, na pasipofikiwa husemekana hapahitajiki. Zaidi ya hayo, mzee mwenye maumivu ya magoti na mama mwenye mtoto mgongoni watautumia mteremko uo huo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba ufikivu wa ardhioevu huanza katika sentensi. Kauli ya kutendeka humficha mtu. Kauli ya kutenda humrudisha. Viambishi pa-, ku- na mu- vinatupa maswali matatu yasiyoweza kujibiwa kwa neno moja. Vipimo na tarehe hugeuza ukarimu kuwa habari.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinapozuru hifadhi, vichukue muundo tulioutoa, vipime, vijaze mapengo, na kuukabidhi uongozi wa hifadhi. Kazi hiyo ifanywe pamoja na watu wenye ulemavu, kwani wao ndio wanaojua ni swali gani limesahaulika. Pili, walimu wa isimu waiingize lugha ya maelezo ya umma miongoni mwa mada za uchanganuzi, sambamba na matangazo ya biashara na hotuba. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni yuko tayari kuja. Tumwambie kimo cha kizingiti.